Bodi ya Plastiki Inayovumilia Mawe

Kutoka Kahama mpaka Dar es Salaam nililala kwenye kiti cha dirishani. Kutoka Dar es Salaam mpaka Lindi sikulala kabisa, kwa sababu boksi la viatu nililolipakata lilimkosesha raha mama aliyekaa pembeni yangu. Nilikuwa nimelifunga kwa mpira wa tyubu, na kila basi liliporuka tuta, kitu kilichokuwa ndani kililia kama springi za kitanda kibovu.

"Baba, humo kuna nini?" aliniuliza tulipokwisha kuvuka Rufiji. "Kama ni nyoka, sema mapema nikae kule mbele."

Nikamfungulia. Ndani mlikuwa na kigari cha rimoti, cha aina ile inayotambaa juu ya mawe: tairi nne nene na laini, springi ndefu, mota ya mwendo wa kinyonga. Yote hayo yalikuwa wazi, nyaya nje nje, kwa sababu hakikuwa na bodi.

"Mbona kiko uchi?"

"Bodi yake ilipasuka. Natafuta nyingine."

"Unaitafuta Lindi?"

"Nachingwea."

Akakifunika mwenyewe kwa upole, kama anavyofunikwa mgonjwa. "Mungu akutangulie," akasema.

Kigari hicho nilipewa na fundi wa mashine za kuchoronga miamba aliyekuwa anarudi kwao. Bodi ilikuwa imekanyagwa na gari kubwa. Nilisema nitatengeneza nyingine nikipata nafasi, na nafasi mimi huipata ninapohama. Nimeishi Makambako, Tunduma, Mwanza na Kahama, nikitengeneza simu na redio. Miaka miwili mitatu inapita vizuri, halafu siku moja najikuta nahesabu mabasi yanayopita barabarani, nami najua siku zangu pale zimekwisha.

Nachingwea ilikuwa tofauti kidogo. Baba yangu alikuwa bwana shamba huko nilipokuwa mdogo, na huko ndiko nilikojifunza kusoma. Kila nilipokwenda nilikumbuka harufu ya mabibo yaliyoiva yakiwa yamelala chini ya mikorosho, tamu mpaka inakera. Nilitaka kuona kama mahali pale bado papo. Lindi nikabadilisha basi, tukakata kona Nanganga, tukapita Ruangwa, na nilipofika Nachingwea miguu ilikuwa imevimba kiasi kwamba viatu nilivibeba mkononi. Nyumba tuliyokaa sikuiona. Mahali pake palikuwa na ghala lenye bati jipya. Sikuhuzunika sana. Njaa ilikuwa kali, nikaingia kwa mama ntilie.

Huyo mama ndiye aliyenipa chumba. Alikuwa na baraza pana mbele ya nyumba, upande mmoja masufuria na mabenchi ya wateja, upande mwingine nafasi tupu iliyonitosha kuweka meza ya ufundi. Mume wake alikuwa amekaa kwenye gunia la ufuta akichonga mpini wa jembe. Mtu mwenye mabega mapana, mvi chache, Mmwera wa Marambo. Aliponiuliza kabila nikasema baba yangu Mngoni, akaacha kuchonga.

"Mke wangu, ficha mbuzi!" akapiga kelele. "Wamerudi!"

"Hatukurudia mbuzi," nikamjibu. "Tumerudia ugali mliouacha motoni siku ile mlipotukimbia."

Wateja wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na maharage. Basi tukawa watani, kwa kuwa zamani Wangoni waliwavamia Wamwera. Asiyejua utani wa kwetu Kusini anaweza kudhani ni maneno tu, lakini ni haki kabisa. Mtani anaweza kuchukua sahani yako ukila. Anaweza kukutukana msibani. Ukimkasirikia, wewe ndiye mwenye aibu. Asubuhi iliyofuata nikakuta amevaa kofia yangu.

Siku kadhaa baadaye, mumewe akiwa shambani, yule mama aliniambia jambo ambalo watu wote wa mtaa walilijua na hakuna aliyelitaja. Nilikuwa namwita shemeji, naye akaniita hivyo hivyo.

"Shemeji, huyu unayemwona anachonga mipini si mchonga mipini. Ni dereva wa lori. Msimu uliopita lilipinduka naye, na korosho zote. Tangu hapo hajashika usukani. Lori limeshatengenezwa, liko Ruangwa kwa binamu yake, ndiye mwenye lori. Binamu amesema atamsubiri mpaka msimu ufunguliwe. Ukifunguliwa hajaja, anampa mtu mwingine."

"Na yeye anasemaje?"

"Hasemi. Tukipita karibu na gari linalounguruma anabadilisha njia." Akakoroga sufuria. "Mtu akiniuliza nasema anapumzika. Sasa kupumzika gani huko."

Hivyo ndivyo nilivyojua. Ilikuwa wakati wa kuvuna ufuta. Msimu wa korosho ulikuwa bado miezi kadhaa.

Kigari nilikiweka mezani ili kiwavute wateja wa simu. Mtani wangu alikizunguka siku mbili bila kukigusa. Siku ya tatu akakipindua, akatazama chini yake kama anavyotazama fundi wa gereji.

"Difu mbili, mbele na nyuma," akasema. "Springi nzuri. Lakini gari bila bodi ni mifupa. Utaivisha nini?"

Nikamweleza. Bodi za vigari hivi huko zinakotengenezwa ni plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo, nyembamba, nyepesi. Unaipasha moto inalegea kama chapati, unaifinyanga juu ya kinyago cha mbao, ikipoa inabaki na umbo. Rangi unaipaka kwa ndani, ili ikisuguana na jiwe rangi isitoke. Mimi nilikuwa nimepata kipande cha bati la plastiki linalopitisha mwanga, mabaki ya paa la duka, na lilikuwa jamii hiyo hiyo.

"Kinyago nitachonga mimi," akasema.

Alichonga kwa mti wa mkorosho uliokauka. Kichwa cha lori kikaanza kuonekana, pua fupi, kioo kipana, na juu ya kioo ubao wa kuandikia jina. Mke wake alipita na ndoo ya maji, akakitazama, akasimama. Kisha akaendelea na safari yake. Nikaelewa kinyago kile ni cha lori gani.

Bodi ya kwanza ilitoka na malengelenge. Plastiki ile inanywa unyevu wa hewa bila wewe kujua, na mvua zilikuwa hazijaisha vizuri. Ukiipasha moto, unyevu unachemka ndani kwa ndani. Kipande cha pili nilikianika siku nzima juu ya bati karibu na jiko kabla ya kukitia kwenye oveni ya mkaa ya shemeji, ile ya kuokea skonzi. Kikalegea vizuri. Tukakivuta juu ya kinyago, mtani upande mmoja na mimi upande mwingine, tukiwa tumevaa soksi mikononi. Kilipopoa kilikuwa safi kama glasi ya chai. Nilifurahi. Nikaenda sokoni kutafuta rangi.

Niliporudi nilikuta mtani ananisubiri kwa tabasamu la mtu aliyefanya wema. Bodi ilikuwa nyeusi, inang'aa.

"Nimekumalizia," akasema. "Kwa nje na kwa ndani. Hii haitaguswa na mchwa mpaka Kiyama."

Alikuwa ameipaka mafuta ya maganda ya korosho. Huko, kitu chochote mtu anachotaka kidumu hupakwa mafuta hayo: nguzo za nyumba, miimo ya milango, mti wa uzio. Ni meusi, yanachubua ngozi, na mdudu hayasogelei. Kwa mbao hayana mfano. Nilipoishika ile bodi ikatoa mlio mdogo, trii, na nyufa zikatambaa kutoka kwenye kona za madirisha kama mizizi. Nilipoiweka chini ikaachana vipande vitatu.

Mtani alitazama mikono yake. Mimi nilikuwa na hasira, lakini hasira kwa mtani haina pa kwenda, inabidi igeuke maneno. Nikasema:

"Kumbe! Na lile lori ulilipaka nini, mtani, mpaka likalala?"

Mwiko wa shemeji ulisimama ndani ya sufuria. Mzee mmoja aliyekuwa anakula aliinua uso akanitazama kama mtu aliyetukana msikiti. Mtani akainuka. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani. Akachukua kofia yangu kwenye msumari, akaivaa, akaondoka kuelekea njia ya Marambo.

"Shemeji," mkewe akaniambia taratibu, "hilo ulilolisema, hata mama yake hajalisema."

Usingizi wangu haukuwa mzuri. Lakini asubuhi, kabla sijafungua meza, alikuja amebeba ganda la begi gumu la safari lililovunjika magurudumu, na ndani yake kava mbili za pikipiki. Akavibwaga miguuni pangu, akakaa kwenye gunia lake.

"Watu wote hapa wananiambia pole," akasema. "Pole, pole, tangu mwaka jana. Hakuna aliyeuliza. Umeuliza wewe, Mngoni, na umeuliza kwa matusi."

Akanisimulia. Lori lilikuwa limeshajaa. Wakaja watu wenye magunia yao, huyu shangazi, huyu jirani, yule alisoma naye madrasa, kila mmoja anaomba apakiwe gunia mbili tu. Hakujua kumkatalia mtu. Juu ya turubai yakaongezwa, na juu ya hayo tena. Kwenye mteremko wa kuelekea Nanganga akahisi lori linaegama, polepole, kama mtu anayetaka kukaa. Likakaa. Utingo aliruka, hakuumia. Yeye alibaki akining'inia kwenye usukani, akisikia korosho zikimwagika juu ya bati la kichwa cha lori kama mvua ya mawe, na harufu ya dizeli.

"Najua kosa liko wapi," akasema. "Kichwani najua. Mikono ndiyo haijui. Nikiishika stelingi mikono inaniambia linaegama, hata likiwa limesimama."

Tukaanza kazi.

Plastiki ya mabegi na kava za pikipiki ni jamii nyingine. Ukiitia majini inazama, ukiichoma inatoa moshi mweusi wenye masizi. Uzuri wake ni kwamba inakubali gundi na rangi. Unakata vipande, unaviunga kwa uji wa plastiki hiyo hiyo iliyoyeyushwa kwenye dawa ya kutolea rangi ya kucha, na ikikauka inakuwa kitu kimoja. Tulipata bodi nzuri kuliko zote, pande zimenyooka, milango imekatwa sawasawa. Mtani aliipaka bluu na nyeupe. Safari hii aliniuliza kwanza.

Tukaipeleka Marambo, kwenye shamba lao, ambako kuna miamba inayoshuka mpaka kwenye kijito. Nikampa rimoti. Akakataa. Nikamwambia Mngoni hawezi kuendesha lori la Mmwera, ataliiba. Akaichukua.

Kigari kikapanda jiwe la kwanza. Kwenye la pili kikainua tairi moja, kikaegama, polepole, na kikalala ubavu. Ilikuwa ni vile vile. Rimoti ilimponyoka, akageuka akaingia mikoroshoni. Nikakaa juu ya jiwe na kigari kilicholala, tairi zikizunguka hewani, nikifikiri nimemfanyia mtu huyu ubaya mkubwa.

Alirudi. Alikiokota, akakipima mkononi, akakibinua huku na huku.

"Mzigo uko juu," akasema. "Hii plastiki yako ni nzito. Bodi inalivuta gari."

"Tupunguze paa."

"Punguza."

Tukalikwangua paa kwa msasa mpaka likawa kama ganda la yai. Kigari kikaegama kidogo zaidi kabla ya kuanguka, lakini kikaanguka, na safari hiyo kona ya bodi ikapasuka kama kigae. Plastiki hiyo ni nzuri mezani. Haijui kupigwa. Tukajaribu beseni la zamani. Likipashwa moto linakuwa laini, lakini lilishapigwa na jua miaka mingi, ukilikunja linatoa mstari mweupe na hapo hapo linakatika.

Nilikuwa barazani nikitazama vipande hivyo, nikaliona dumu la njano la shemeji, la mafuta ya kula, lita ishirini, analochotea maji. Nikalichukua, nikamwaga maji, nikalikata.

"Shemeji!" akapiga ukelele. "Dumu langu!"

"Wewe si umeolewa na mtani wangu? Mali yake ni mali yangu. Mwambie mumeo."

"Mume wangu, Mngoni kaniharibia dumu!"

"Ndiyo kazi yao," mtani akasema kutoka kwenye gunia lake, akicheka. "Shukuru hakuchukua mbuzi."

Plastiki ya dumu inaelea majini. Ukiichoma inanuka kama mshumaa. Gundi haiikubali, rangi haiikubali. Ukiipaka leo, kesho inabanduka kama ngozi ya nyoka. Kwa hiyo haiungwi. Tuliikata kipande kimoja, tukaipasha, tukaivuta juu ya kinyago, na kona tukazishona kwa waya mwembamba wa shaba niliouzongoa kwenye mota mbovu. Haikutoka imenyooka. Ilikuwa na mikunjo, na neno lililochapwa kwenye dumu lilibaki ubavuni limepinda. Lakini ilikuwa nyepesi kama jani. Mtani, mbishi, alidondosha juu yake tone la mafuta ya maganda ya korosho, akaliacha mpaka jioni. Akafuta kwa kitambaa. Hapakuwa na ufa.

"Hii ni ya kwetu," akasema.

Huko Marambo kigari kiliegama vile vile kwenye jiwe la pili, lakini hakikulala. Kilisimama kikitetemeka, halafu tairi ya nyuma ikapata mahali, kikapanda. Kwenye la tatu kilianguka. Bodi ikabonyea, ikarudi yenyewe kwa mlio wa kopo, na mtani akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kicheko cha kweli kinachotoka tumboni. Akakiinua, akakirudisha. Kikaanguka tena. Tulikwenda huko wiki baada ya wiki, mimi nikiwa nimebeba betri na yeye rimoti, na ilifika mahali akawa anakiangusha makusudi ili ajue mpaka wake uko wapi. Nilitazama vidole vyake zaidi ya nilivyotazama kigari. Mwanzoni vilikuwa vinaruka kila kigari kilipoegama. Baadaye vilikuwa vinasubiri.

Mabibo ya kwanza yalipoanza kudondoka, akasema, "Twende Ruangwa."

Binamu yake alitupokea uani. Lori lilikuwa chini ya banda, limepigwa rangi upya. Mtani alipanda, akakaa, akaweka mikono kwenye usukani. Niliona mikono ile ikitetemeka. Akashuka, akaomba maji. Binamu akanitazama, mimi nikatazama pembeni. Tukalala huko. Kesho yake akapanda tena, akawasha, akalitoa bandani na kulirudisha. Siku iliyofuata akalipeleka mpaka Mbwemkuru, tupu, na kurudi. Hakuwa amepona. Jasho lilikuwa limelowesha shati lote mgongoni. Lakini alirudi.

"Anatosha," binamu akasema.

Kigari sikukiona tena mikononi mwangu. Mtani alikuwa amekitangaza mali yake mbele ya watu, na huwezi kubishana. Nami nilikuwa nimeanza kuhesabu mabasi. Nilirudi Nachingwea kumuaga shemeji, nikamwachia dumu jipya, naye akanifungia maandazi. Siku ya kuondoka nikaja Ruangwa, kwa sababu lori lilikuwa linapeleka korosho za kwanza Mtwara na lingenifikisha Nanganga, nikachukue basi la Tunduru na Songea.

Lilikuwa limeshajaa. Turubai lilikuwa limefungwa. Wakaja watu na magunia.

"Gunia mbili tu, kaka. Mbili hazina uzito."

"Hapana," mtani akasema.

"Ah, mwanangu, mimi si shangazi yako?"

"Shangazi, shikamoo. Hapana. Lori linarudi, yako yatakuwa ya kwanza chini kabisa."

"Umekuwa na roho mbaya tangu uanguke."

"Ndiyo, shangazi."

Walimsema sana. Mmoja aliapa hatampa tena salamu. Yeye alizunguka lori, akapiga teke kila tairi, akavuta kila kamba, akapanda. Mikono ilikuwa inatetemeka bado. Aliiangalia, akaiacha itetemeke, akaingiza gia.

Kwenye ule mteremko sikufanya utani. Aliteremka kwa gia ndogo, lori likinguruma, magari mawili yakipiga honi nyuma yetu. Kwenye kona lori likaegama kidogo, kama lori lolote linavyoegama. Mikono ilisubiri. Likanyooka.

Nanganga alisimama pembeni ya barabara bila kuzima injini.

"Shuka, Mngoni. Hapa ndipo tunapowaachaga."

"Kofia yangu?"

"Kofia gani?"

Nikashuka na begi langu. Alitazama kioo cha kushoto, akatazama cha kulia, akaingia barabarani na kukata kona ya kuelekea Mtwara, utingo akinipungia kutoka juu ya turubai. Vumbi lilipotulia nilinunua chai, nikakaa kusubiri basi. Nachingwea sijarudi tena.